Mdekaji Agoma Kufa

Kuna nyumba ambazo watu hulia mtu anapokufa. Katika nyumba ya Papa Gaston, mtaa wa Bertrams, asubuhi moja ya Julai, mwezi wa baridi kali huku kusini mwa Afrika, kilio kilipigwa kwa sababu aliyetakiwa kufa alikataa.

Clémentine alikuwa ametoka uani, koti juu ya nguo za kulalia. Maji ya ndoo ya kufulia yalikuwa yameganda na kukishika kikombe mateka. Ng'ambo ya ukuta mfupi, jirani yao Yasini, fundi cherehani kutoka Bujumbura, alikuwa akiyatazama majani yake ya maboga, ambayo wiki iliyopita yalikuwa ya kijani na sasa yalikuwa meusi. Kipimajoto kilichofungwa kwenye nguzo katikati ya ua kilisema usiku umeshuka nyuzi tatu chini ya sifuri. Na pale mbele, katika vyungu vyao vya plastiki, akina Mdekaji walisimama na majani yao mabichi, wanang'aa kama watu waliotoka kuoga.

"Glody!"

Glody alitoka taratibu, kama anavyotoka shahidi anayejua kwamba ataishia kuwa mshtakiwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya masista.

"Abee, yaya." Huko kwao Bukavu, yaya ni dada mkubwa au kaka mkubwa, na hutamkwa kwa unyenyekevu zaidi mtu anapokuwa mashakani.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimelala. Nimelala kwa bidii kabisa."

"Mbona hajafa?"

"Nani?"

"Usinichezee! Mdekaji! Mbona hajafa?"

Kesi hii ni nzito, kwa hiyo tuieleze kwa heshima inayostahili. Clémentine alikuwa mwanafunzi wa uzamili chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kuozesha mizabibu. Alichukua mzabibu mgumu wa nchi za theluji, ambao zabibu zake ni chachu kiasi kwamba hata ndege akionja huangalia kama kuna aliyemwona. Akauozesha na mzabibu mtamu wa kule Cape, ambao baridi ikikohoa tu, wenyewe unalazwa. Harusi ilifungwa kwa kibano na brashi. Kibano kilinyofoa sehemu za kiume za ua la bibi harusi kabla halijafunguka, brashi ikapaka chavua ya bwana harusi, kisha ukavishwa mfuko wa karatasi juu ili nyuki wasiingilie ndoa za watu. Mbegu zikapatikana, watoto wakaota.

Swali likabaki moja: je, watoto wamerithi ugumu wa mama yao? Huku nyanda za juu, mzabibu ukichipua tu kisha jalidi, ule umande wa barafu, ikarudi, mwaka wote umekwenda. Kwa hiyo watoto walichipuzwa mapema katika nyumba ya vioo ya chuo, wakatoa majani machanga, halafu wakaletwa Bertrams wasimame nje katikati ya kipupwe. Chuo kiko kilimani, na baridi ni kama maji, hutiririka kwenda bondeni. Ua wa Papa Gaston ulikuwa bwawa lake.

Kando ya watoto iliwekwa miche ya mzabibu wa aina nyingine, dhaifu kuliko yote. Wataalamu wote wanajua kwamba jalidi ikiugusa, majani yake hulegea na kuwa meusi kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyosahauliwa jikoni. Clémentine aliuita Mdekaji. Kazi yake pekee hapa duniani ilikuwa kufa. Akifa yeye na watoto wakabaki hai, basi watoto ni wagumu kweli. Asipokufa, basi hakukuwa na baridi, au pana mkono wa mtu.

Na kipimajoto kilisema baridi ilikuwepo, siku tatu mfululizo.

Hapo ndipo kila jicho lilipomgeukia Glody, kwa kuwa alikuwa binti mwenye historia na vipimajoto. Muhula uliopita alikitia kipimajoto cha bweni katika chai ya moto kabla ya kila mwenzake kupimwa. Bweni zima likatengwa kwa homa isiyojulikana, mtihani wa hesabu ukaahirishwa, na sista mmoja akaanza sala za novena. Mtu wa namna hiyo akionekana karibu na nguzo yenye kipimajoto, hata malaika wake mlinzi husogea pembeni.

"Ijumaa Dokta Suzan anakuja," Clémentine alisema, akimtaja msimamizi wake wa chuo. "Akiona namba zimechezewa, anafuta jaribio lote. Ufadhili wangu unaisha Desemba, Glody. Sina kipupwe kingine."



Papa Gaston alirudi kutoka lindoni akakuta ugomvi, na bila kuvua sare akageuza meza ya chai kuwa mahakama. Alikuwa mlinzi wa duka la samani, na mlinzi hawezi kurudi nyumbani akayaacha macho kazini. Alimtazama bintiye kama anavyotazama mteja mwenye koti kubwa.

"Papa, mimi sijagusa kitu."

"Kila mwizi niliyemkamata alikuwa hajagusa kitu."

"Umekamata wangapi, Papa?"

Papa Gaston alikoroga chai muda mrefu kidogo. "Hapa si mimi ninayezungumzwa. Sikia. Mpaka Ijumaa nijue nani anachezea kazi ya dada yako. Kama ni wewe, shule ya bweni basi. Utafagia nywele saluni kwa mama yako mpaka akili ikomae."

"Mpaka nizeeke, basi."

"Eish, huyu mtoto!"

"Muache mutoto," Mama Jeanne alisema kwa upole, akitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka humo. "Kama mizabibu iko mizima, ni Mungu."

Akachukua mfuko wake mkubwa wa kazini akatoka mapema kuliko kawaida. Glody aliuona mfuko ule ukipita mlangoni kwa shida, lakini siku hiyo alikuwa na mashaka ya mbali, hakuwa na nafasi ya mashaka ya karibu.

Alianza uchunguzi palepale. Alipiga magoti mbele ya akina Mdekaji, mikono nyuma, asije akaongezewa kosa. Juu ya kikonyo kimoja aliona uzi mrefu, mwembamba, wa zambarau. Aliunusa. Ulikuwa unywele wa kusukia.

Sasa, katika watu wote waliowahi kuingia ua ule, ni mmoja tu aliyekuwa na rasta za zambarau: Falonne, mwanafunzi mwenzake Clémentine, aliyekuwa na jaribio lake mwenyewe la mizabibu na kicheko ambacho Glody hajawahi kukiamini. Mchana ule Falonne alikuja kumsaidia Clémentine kupima majani. Glody akamletea kiti, akamletea maji, akasimama mbele yake na uso wa mazishi.

"Dada Falonne, usiku huwa unalala wapi?"

"Kwangu. Kwani?"

"Kuna anayeweza kuthibitisha?"

"Glody, una nini leo?"

Glody akauinua ule unywele juu, kama padri anavyoinua hostia. "Huu unautambua?"

Falonne aliutazama, akaangua kile kicheko chake. "Naujua. Mama yako ndiye aliyenisuka Jumamosi. Na nusu ya mtaa wa Yeoville inavaa zambarau hii mwezi huu. Utawakamata wote?"

Clémentine hakucheka. "Kwa hiyo sasa unawasingizia wenzangu ili wewe upone?" alimwambia mdogo wake, akaondoka na rula yake. Jioni ile alihamishia godoro lake sebuleni, mlangoni kabisa, ili Glody asiweze kutoka bila kumkanyaga. Glody alilala akitazama dari. Kila ubao ulipolia alijiuliza ni nani, na huko sebuleni Clémentine alijiuliza vilevile, na jibu lake lilikuwa tayari lina jina. Mama peke yake aliruhusiwa kupita. Siku hizo alikuwa akienda kusali uani kabla ya kulala na tena kabla ya kucha, katika baridi ile, na nani atamsimamisha mtu anayekwenda kusali?

Kesho yake, Alhamisi, asubuhi, Mdekaji aliamka mzima tena, na Glody akaamka mkosaji zaidi. Akaamua kupanda Yeoville, saluni, kuuliza ni nani wengine waliosukwa zambarau.

Saluni ya Mama Jeanne ilikuwa imejaa. Redio ilikuwa inaimba, pasi za nywele zinanuka, na kinamama wanne walikuwa wakizungumza bila hata mmoja kumsikiliza mwingine. Glody alisimama mlangoni, akamwona mteja mmoja, Mayasa, muuza vitenge, akikivuta shingoni kile kitambaa cheusi cha nailoni ambacho wasusi huwafunikia wateja.

"Mama Jeanne, shuka lako lina maji."

"Ni umande, mama. Nililianika."

"Umeanika wapi, shambani? Tazama, lina udongo! Na hiki ni nini?" Mayasa alichomoa kitu kwenye kola. "Umeanza kuuza mboga?"

Lilikuwa jani. Bichi, changa, lenye meno pembeni. Glody alikuwa ametazama majani ya namna ile siku tatu nzima, angeweza kulitambua hata sokoni Kinshasa.

Alitazama ukutani. Misumari yote ilikuwa na mashuka meusi, yanachuruzika. Akatazama mfuko mkubwa uliolala tupu chini ya meza. Akamtazama mama yake. Mama Jeanne naye akamtazama, kisha akaanza kuchana kichwa cha Mayasa kwa nguvu ambayo kichwa kile hakikuistahili.

"Taratibu, mama! Nywele ni zangu!"

Waliteremka pamoja jioni, kwa miguu. Walipofika kwenye robot, kama zinavyoitwa huku taa za barabarani, taa ikawa nyekundu, magari yakapita.

"Mama."

"Usiseme."

"Sijasema."

"Unasema na macho."

Ikawa kijani, hawakuvuka.

"Unajua kama Clémentine mwenyewe ndiye alisimama kanisani," Mama Jeanne alianza. "Alisema, muniombee mizabibu yangu, iko inje na baridi. Ba-mama wote wakasimama. Glody, mimi nimeimba juu ya mzabibu toka utoto. Nimehubiriwa mzabibu, nimekariri mzabibu. Sijawahi kuuona! Sasa siku ile gari ya chuo inashusha mizabibu kwangu, kwangu mimi Jeanne, nikatamani kuvua viatu."

Hapo alisema kweli. Siku ile Glody alimwona akivisalimia vyungu.

"Na Jumapili nikatoa ushuhuda. Nikasema hata mumoja hautakufa, kwa jina la Yesu. Kanisa likasema amina. Usiku nikatoka kusali nikaona hawa wadogo wameinamisha vichwa, barafu inawakalia. Nitawapita tu?"

"Mama, hao ndio walitakiwa kufa. Ndiyo kazi yao."

"Kazi gani hiyo?"

"Yaya hakukueleza?"

"Alieleza kwa maneno ya chuo. Nilisikia 'baridi', nikasikia 'Mdekaji', nikasema maskini."

"Sasa mimi natolewa shule, na yaya anafutiwa jaribio. Mwambie Papa."

Mama Jeanne alishika mkono wa bintiye. Kiganja chake kilinuka mafuta ya nywele na udongo. "Nikimwambia Papa yako, kesho kanisa lote linajua. Watasema Jeanne alisaidia Mungu na mashuka. Niapie hautasema."

Glody alitazama taa ikirudi nyekundu. Alifikiria fagio. Alimfikiria Clémentine juu ya godoro mlangoni. Kisha alifikiria jambo moja ambalo mtoto yeyote wa Mama Jeanne alilijua: mama huyu aliweza kumdanganya polisi, mwenye nyumba na hata mchungaji, mradi macho yawe wazi. Macho yakifumbwa, hakuweza.

"Naapa, Mama. Mimi sitasema neno."

Na kiapo hicho, kiandikwe popote kinapoandikwa viapo, hakukivunja.

Ijumaa Dokta Suzan alifika. Alizaliwa Morogoro, mama Mtanzania, baba mkimbizi wa siasa kutoka huku, na alirudi na baba yake nchi ilipofunguka. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, na imani yake kwa binadamu ilikuwa ndogo. Alizunguka ua bila salamu ndefu. Alisoma kipimajoto. Alichungulia majani ya maboga ya Yasini. Kisha aliinama kwa Mdekaji, akageuza jani moja baada ya jingine.

"Ncha zimeungua," alisema. "Katikati mabichi. Clémentine, jalidi haina adabu ya kula pembeni tu. Kuna kitu kilifunika hapa."

Papa Gaston, ambaye alikuwa amekataa usingizi wake wa mchana kwa ajili ya siku hii, alimgeukia Glody na macho ya kazini.

"Nasubiri," alisema Dokta Suzan. "Sifanyi kazi na watu ninaowashuku."

Glody alikunja mikono kifuani kwa unyenyekevu uliomtia Papa wake hofu.

"Papa, samahani. Mgeni ameingia nyumbani hatujamwombea. Kwetu si hivyo. Mama atuombee kwanza."

Mama Jeanne alimpa jicho ambalo, kama macho yangekuwa na uzito, lingemzika palepale. Lakini ataikataaje sala mbele ya mgeni? Papa Gaston alivua kofia. Dokta Suzan akafumba macho, kwa sababu alilelewa vizuri. Wote wakafumba.

"Baba yetu," Mama Jeanne alianza. "Tunakushukuru kwa ajili ya Dokta Suzan. Tunakushukuru kwa ajili ya gari yake. Kwa ajili ya breki ya gari yake. Kwa ajili ya barabara, Bwana, hata kama ina mashimo. Tunakushukuru kwa ajili ya Rais wa nchi hii, na wa nchi ile ingine, mubadilishe moyo wake."

"Amina," alisema Papa Gaston, akidhani imeisha.

"Tunakushukuru kwa ajili ya baridi, maana wewe ndiye uliiumba. Na kwa ajili ya... wale wenye kuwa na baridi. Na wale wenye... wenye mashuka."

Yasini, ng'ambo ya ukuta, naye aliacha kufagia.

"Bwana, wewe unaona sirini. Unajua nani alifanya nini."

"Ndiyo, Bwana," Glody alinong'ona kwa uchaji, "mtaje."

Clémentine alifungua jicho moja.

"Ni mimi, Bwana!" Mama Jeanne alilipuka. "Ni mimi Jeanne! Nimewafunika na mashuka ya saluni, jioni nafunika, alfajiri nafunua, na mutoto wangu anateswa juu yangu! Unisamehe! Na Dokta anisamehe, na Clémentine, na Mayasa pia, maana nilimuvuta nywele! Amina!"

Dokta Suzan alikuwa wa mwisho kufumbua macho. Mdomo wake ulikuwa umebanwa kama wa mtu anayezuia chafya.

"Mama Jeanne. Ulifunika vyungu vipi?"

"Hawa wenye kulialia. Akina Mdekaji. Mashuka hayakutosha."

"Na hawa wengine? Watoto?"

"Hawa hawakulia. Walisimama tu. Sikuwagusa."

"Hata usiku mmoja?"

"Hata mumoja."

Dokta Suzan alimtazama sana. "Fumba macho useme tena."

Mama Jeanne alifumba. "Sikuwagusa hata usiku mumoja."

"Vizuri," alisema Dokta Suzan, na kwa mara ya kwanza tangu afike akamtazama Clémentine bila kumpekua. "Basi hawa wamesimama uchi kwenye nyuzi tatu chini ya sifuri. Sijafuta kitu. Lakini usiku wa leo Mdekaji alale bila shuka, na kesho asubuhi nije nimwone mwenyewe. Akifa, jaribio limesimama. Akipona tena, sitaki kusikia sala."

"Na ushuhuda wangu?" Mama Jeanne aliuliza kwa sauti ndogo. "Nilisema hata mumoja."

"Ungeomba wale wagumu wasife, ingetosha."

"Hiyo ni sala ndefu, Dokta."

Papa Gaston alitangaza kwamba Glody hana hatia kuhusu mizabibu. Shule atarudi. Lakini kwa kosa la kumtegea mama yake mzazi mtego kwa jina la Mungu, atafagia saluni mpaka likizo iishe. Glody aliona hukumu ni ya haki, ingawa hakusema.

Usiku ule ulikuwa wa Papa Gaston kupumzika, na hakupumzika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alilinda mali ya nyumbani kwake, na mtu wa kuchungwa alikuwa mke wake.

Kulipoanza kupambazuka Glody alitoka, kwa kuwa sasa yeye ndiye aliyekuwa hamwamini mtu. Nyasi zilikuwa nyeupe kote. Papa Gaston alikuwa juu ya kiti, tochi mkononi, kofia imeshuka hadi puani. Hatua mbili mbele yake, juu ya mkeka, alikaa Mama Jeanne. Alikuwa amejivika mashuka yote ya saluni yeye mwenyewe, moja juu ya jingine, mpaka akawa mlima mweusi wenye uso.

"Mama! Umekaa hapa toka lini?"

"Nimekatazwa kuwafunika. Sijakatazwa kuwasindikiza."

Mbele yake akina Mdekaji walikuwa wamelala, majani meusi yananing'inia kama sombe. Kando yao watoto walisimama wima, kijani, jalidi ikiwayeyukia mabegani. Clémentine alitoka mbio, akatazama, akaanguka juu ya mkeka akamkumbatia mama yake, akalia kwa furaha hadi mashuka yakateleza. Mama Jeanne naye alilia, lakini kilio chake hakikuwa cha furaha yote. Gari la Dokta Suzan lilikuwa linapiga honi langoni, na Papa Gaston akazinduka, akavua kofia.

Yasini alichungulia juu ya ukuta, akaona akina mama chini wanalia, mmoja amevaa nyeusi tupu, na baba mwenye nyumba amevua kofia. Akaivua na yake.

"Poleni sana, jirani. Nani ametutoka?"

"Mdekaji," alisema Glody, kwa uso uleule wa mazishi.

"Maskini. Aliugua?"

Mama Jeanne alijifuta machozi kwa pembe ya shuka.

"Hapana, baba. Alikosa shuka tu."